Gari ya deliveri inachemsha? Toa upepo, lakini kwanza jiulize umeingiaje

Leo siongelei bei wala namna ya kupiga picha za bidhaa. Naongelea gari. Wengi wetu humu tunauza mtandaoni na mizigo tunapeleka wenyewe, mwingine kwa IST, mwingine Passo, mwingine Kirikuu ya kuchangia na ndugu. Gari ikilala, duka nalo limelala. Na ugonjwa mmoja unaolaza gari zetu, hasa hizi tulizonunua mkononi mwa mtu, ni kuchemsha.

Mimi sio fundi, naomba tuelewane hapo mapema. Niliishia kidato cha nne, nauza vyombo vya jikoni, gari nilinunua kwa hela ya kikoba na akiba ya miaka mitatu. Haya ninayoandika nilifundishwa na mzee mmoja wa gereji ya mtaani kwetu, nikayafanya kwa mikono yangu, yakaniokoa. Halafu nikamfundisha mwenzangu nusunusu, nikamponza. Ndiyo maana leo naandika kwa urefu. Soma mpaka mwisho, usichukue hatua za katikati ukakimbia nazo kama nilivyofanya mimi.

Ilikuwa hivi. Mpira wa juu wa rejeta ulipasuka nikiwa natoka Kariakoo. Fundi wa barabarani akaja, akaweka mpira mpya, akamimina maji mpaka yakajaa mdomoni, akafunga kifuniko. Dakika 20 kazi imeisha, nikamlipa, nikaondoka nimefurahi. Kumbe ndiyo kwanza balaa linaanza.

Siku mbili baadaye nilikuwa na oda ya mama mmoja wa Kibaha. Seti tatu za sufuria, hotpoti, sahani dazeni sita na birika mbili, za kicheni pati ya binti yake. Jumla 640,000, nusu alishatuma. Sherehe ilikuwa Jumamosi, mimi nikatoka Alhamisi ili nisibanwe. Foleni ya Ubungo ilienda vizuri. Kupandisha Kimara, mshale wa joto ukaanza kupanda. Ukapanda, ukashuka ghafla, ukapanda tena mpaka karibu na nyekundu. Nikapaki pembeni, nikazima, nikakaa zaidi ya saa nzima. Nilipofungua rejeta ikiwa imepoa, maji yamepungua. Nikaongeza, nikaenda kilomita mbili, mchezo ule ule. Nikageuza nikarudi nyumbani kwa kusimamasimama.

Fundi wa pili hata hakuwasha injini. Akatazama, akasema, "Dada, hii gasketi ya hedi imeungua. Tushushe hedi, tukaichonge, tuweke gasketi mpya. Andaa laki sita na nusu." Mimi nilikuwa na 900,000 tu, na hiyo ni hela ya mzigo wa wiki inayofuata. Nikitoa 650,000 pale, duka nafungua na nini?

Kwanza nikamalizana na mteja. Nikampigia: "Mama shikamoo. Gari yangu imeharibika njiani. Mzigo wako utafika kesho kabla ya adhuhuri kwa gari ya kukodi, na nauli hiyo ni juu yangu." Akasema sawa mwanangu. Nililipa 45,000 ya Kirikuu, faida ya oda ile karibu yote ikaishia hapo, lakini vyombo vilifika. Usimzimie mteja simu kwa sababu ya gari, jamani. Yule mama ameshaniletea wateja wanne.

Jioni ile jirani akanipeleka kwa mzee. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza maswali matatu ambayo mpaka leo nayakumbuka kwa mpangilio wake.

La kwanza: "Binti, kabla haijaanza kuchemsha, walifungua nini?" Nikasema mpira wa juu wa rejeta.

La pili: "Baada ya kujaza maji, waliacha injini iungurume mdomo wa rejeta ukiwa wazi?" Nikasema hapana, alijaza akafunga.

La tatu halikuwa swali. Akasema, "Washa gari, kisha washa hita." Nikacheka. Hita Dar es Salaam, mzee? Mwezi wa pili? Akasema washa. Nikawasha, nikaweka joto la mwisho. Tukasubiri injini ipate moto. Mshale ukapita katikati, unaelekea juu, na hita inapuliza hewa ya baridi. Ndani ya dashibodi nikasikia sauti kama mtu anamimina maji kwenye mtungi. Mzee akaniambia nizime. "Upepo," akasema. "Gasketi tutaijadili upepo ukishatoka."

Sasa nikueleze maana yake, maana bila kuelewa hapa utakuwa unafanya kama kasuku.

Injini inapozwa na maji, au tuseme maji yaliyochanganywa na kulanti. Pampu inayasukuma, yanapita kwenye bloku na hedi, yanachukua joto, yanakwenda kwenye rejeta, upepo wa njiani na feni vinayapoza, yanarudi. Kati ya injini na rejeta kuna mlango mdogo unaitwa themostati. Injini ikiwa baridi umefungwa, ili ipate moto haraka. Kwenye gari nyingi za Toyota ndogo kama hizi zetu unaanza kufunguka maji yakifika nyuzi joto 80 na kitu. Hita nayo ni rejeta ndogo ndani ya dashibodi, inapitiwa na maji hayo hayo. Kwa hiyo injini ikiwa ya moto na hita inatoa baridi, maji hayafiki kule. Kuna kitu kimekaa njiani.

Hicho kitu ni hewa. Ukimwaga maji kwenye mfumo mtupu kwa haraka, hewa inakimbilia sehemu za juu na kwenye kona: kwenye hedi, kwenye mabomba ya hita. Maji yanajaa mdomoni unadhani umemaliza, kumbe ndani kuna nafasi tupu. Hewa haibebi joto kama maji. Pampu nayo imeundwa kusukuma maji, ikipata hewa inazunguka bure. Chuma kilichozungukwa na hewa kinapata moto kupita kiasi, maji ya jirani yake yanageuka mvuke, mvuke unasukuma maji mengine nje.

Na geji inakudanganya. Kile kihisi cha joto kinatakiwa kiwe ndani ya maji. Kikizungukwa na hewa kinaweza kusoma chini wakati hedi inaungua, halafu mvuke ukikipiga kinaruka juu. Ndiyo maana mshale wangu ulipanda, ukashuka, ukapanda. Mshale unaocheza namna hiyo usikufurahishe pale unaposhuka.

Haya, tuje kwenye kazi yenyewe. Nitaandika kama nilivyofanya na mzee asubuhi iliyofuata, maana jioni ile alikataa kugusa. Alisema gari ilale.

Hilo la kulala ndilo la kwanza na ndilo zito kuliko yote. USIFUNGUE KIFUNIKO CHA REJETA GARI IKIWA YA MOTO. Kile kifuniko kinabana maji kwa shinikizo, na maji yakibanwa hayachemki kwenye nyuzi 100. Kifuniko kizima kinachobana kama kilo moja hivi kinafanya maji yafike karibu nyuzi 120 bila kuchemka. Ukifungua, shinikizo linaondoka, yale maji yanachemka yote kwa mara moja na kukurukia usoni. Tambara halizuii kitu. Bonyeza mpira wa juu wa rejeta: ukiwa mgumu, acha. Ukiwa mlaini na umepoa kabisa, ndio ufungue.

Asubuhi tukaipaki gari kwenye mwinuko, pua ikiwa juu. Hendibreki juu, mawe nyuma ya matairi. Sababu ni kwamba upepo unapanda juu, kwa hiyo tunataka mdomo wa rejeta ndio uwe sehemu ya juu kuliko zote. Kama mtaani kwenu ni tambarare, pandisha matairi ya mbele kwenye vipande imara vya mbao au rampu. Usiache gari imesimamia jeki peke yake ukaanza kuhangaika nayo ikiwa inaunguruma.

Mzee akafungua kifuniko, akakichungulia mpira wake, akakiweka pembeni bila kusema kitu. Akaniambia niweke hita joto la mwisho, feni yake kasi ya chini. Akaanza kumimina kulanti taratibu sana, mkondo mwembamba kama unaongeza maji kwenye ugali. Kila baada ya muda anaacha, anaukamua mpira wa juu wa rejeta kwa mkono, anaachia, anakamua tena. Kisha ule wa chini hivyo hivyo. Kila akikamua, mapovu yanatoka mdomoni na maji yanashuka. Anaongeza. Hapo tu, injini haijawashwa, iliingia karibu lita moja. Lita moja kwenye gari ambayo mfumo mzima unabeba kama lita tano! Yaani nilikuwa naendesha na upepo mwingi namna hiyo.

Halafu akachomeka faneli mdomoni, amezungushia kipande cha mpira wa baiskeli ili ikae vizuri, akajaza kulanti mpaka nusu ya faneli. Hapo nikupe yangu. Nilipofanya mara ya pili peke yangu nilijifanya mjanja, nikakata chupa ya maji ya kunywa nikaitumia kama faneli. Kulanti ilipopata moto chupa ikanywea kama mfuko wa nailoni, ikamwagika kwenye injini. Tafuta faneli ya plastiki ngumu au ya bati. Na usichukue ya jikoni ukairudisha jikoni. Kulanti nyingi ni sumu, na ina ladha ya utamutamu, mtoto au mbwa anaweza kuilamba. Iliyomwagika chini isafishe saa hiyo hiyo.

Tukawasha injini. Ikaunguruma yenyewe bila kukanyaga mafuta, kifuniko bado kiko nje. Mzee akanionya mikono na nguo zikae mbali na feni, ile ya umeme inawaka bila taarifa, na nisiinamishe uso juu ya faneli. Dakika za mwanzo mapovu madogo madogo. Ikapita kama robo saa. Ghafla mapovu makubwa yakatoka, blu, blu, blu, kulanti kwenye faneli ikashuka yote. Themostati ilikuwa imefunguka, na upepo uliokuwa umejificha nyuma yake umepata njia. Mzee akaongeza haraka. Tangu hapo mipira yote miwili, wa juu na wa chini, ikawa ya moto. Ukiona mmoja wa moto na mwingine bado baridi wakati injini imeshapata joto, maji hayajaanza kuzunguka, usifunge.

Akaniambia nikae kwenye kiti nipige resi kidogo, mpaka mizunguko 2,000 au 2,500, nishikilie sekunde chache, niachie. Mara tano sita. Kila nikiachia, mapovu machache yanatoka. Macho yangu kwenye mshale. Ukipita katikati kuelekea juu, zima, subiri ipoe, anza tena. Na wewe usione aibu kuzima.

Hita ikaanza kupuliza moto. Moto kweli, mpaka jasho. Nikashangilia ndani ya gari kama mtu aliyeshinda bahati nasibu, Dar, mwezi wa pili, nashangilia hita.

Tukaendelea mpaka feni ya rejeta ikawaka na kuzima mara mbili, mapovu yakaisha kabisa, kulanti kwenye faneli ikatulia. Tukazima, tukaacha ipoe kidogo, tukatoa faneli, tukajaza mpaka mdomoni, tukafunga. Chupa ya akiba ikajazwa mpaka kati ya alama ya chini na ya juu.

Hapo mzee akakichukua kile kifuniko. Ule mpira wa ndani ulikuwa umekauka na kupasuka. Kifuniko kina kazi mbili. Injini ikipata moto, maji yanatanuka, kinaruhusu ya ziada yaende kwenye chupa ya akiba. Ikipoa, kinaruhusu yarudi. Mpira ukiharibika, au kile kimpira chembamba cha kwenda kwenye chupa kikiwa na ufa, gari ikipoa usiku inavuta upepo badala ya maji. Kila asubuhi unaanza na upepo mpya. Nikanunua kifuniko kipya chenye namba ile ile ya shinikizo iliyoandikwa juu yake. Usiweke cha gari nyingine eti kwa sababu kinaingia.

Gharama yangu yote: kulanti 35,000, kifuniko 12,000, mzee 20,000. Jumla 67,000. Badala ya 650,000.

Asubuhi tatu zilizofuata nilifungua rejeta kabla ya kuwasha. Siku ya kwanza ilikuwa imeshuka kama nusu kikombe, nikaongeza. Ya pili kidogo sana. Ya tatu iko mdomoni. Hiyo ni kawaida, vipovu vya mwisho vinatoka vyenyewe ukiendesha, ilimradi kila siku inapungua na sio inaongezeka.

Mambo mawili ya haraka kuhusu mafundi wetu. Wengi wakiona gari inachemsha wanatoa themostati wanatupa, wanasema huku kwetu joto haina kazi. Ukifanya hivyo injini inachelewa kupata moto wake, inakula mafuta zaidi, na tatizo lenyewe linafichwa tu. Na kama fundi anabadilisha themostati ya Toyota yako, muulize kile kipini kidogo kinachochezacheza kwenye duara lake kiko upande gani. Kinatakiwa kiwe juu, kazi yake ni kupitisha upepo. Akikiweka chini, utajaza maji mpaka kesho. Pia kataa maji ya kisima. Visima vingi vya Dar vina chumvi, yanaacha gaga ndani na yanakula chuma. Nunua kulanti iliyochanganywa tayari, au changanya na maji yale ya betri.

Sasa sehemu inayoniuma.

Kuna mwenzangu anauza viatu, tulianza biashara pamoja. Ana Kirikuu. Mwezi mmoja baada ya mimi kupona, yake ikaanza kuchemsha. Akanipigia. Mimi nimeshakuwa profesa, nikamwambia kwa kujiamini, "Hiyo upepo tu, toa." Nikamtumia maelezo ya sauti dakika saba. Na kweli Kirikuu inapenda kushika upepo, injini iko chini ya viti na rejeta iko mbele, mabomba ni marefu. Akatoa. Ikatulia siku mbili, ikachemsha. Nikamwambia hukutoa vizuri, rudia. Akarudia. Wiki tatu anarudia, na katikati anaendesha, anabeba mzigo. Mwisho ikazimika barabarani usiku na mzigo wa watu nyuma. Gasketi ilikuwa imeungua tangu mwanzo, na kwa kuendelea kuendesha hedi ikapinda. Ililiwa 1,100,000. Viatu vya pea 40 aliviuza kwa bei ya hasara apate hela ya fundi.

Nilipomsimulia mzee, hakunigombeza. Aliuliza tu, "Kabla haijaanza, walifungua nini?"

Hawakufungua kitu. Hakuna aliyegusa rejeta ya ile Kirikuu miezi yote. Na mimi lile swali la kwanza sikumuuliza mwenzangu, nilirukia dawa.

Mfumo wa maji umefungwa. Upepo hauzaliwi humo ndani, lazima umeingia. Kwa ninavyoelewa sasa, njia ni tatu. Ya kwanza, mtu alifungua akajaza vibaya, kama yangu. Huu ukitoa vizuri mara moja umekwisha. Ya pili, kuna mahali panavuja: mpira, pampu ya maji, rejeta yenyewe, kifuniko, kimpira cha chupa ya akiba. Hapo kutoa upepo bila kuziba ni kuteka maji kwa pakacha. Tandika boksi jeupe chini ya gari usiku, asubuhi utaona tone. Ya tatu ndiyo mbaya, gasketi ya hedi imetoboka na moshi wa ndani ya silinda unasukumwa kwenye maji. Hapo hutoi upepo, kila injini inapowaka inatengeneza mwingine.

Utaijuaje ya tatu? Washa gari ikiwa imelala usiku mzima, kifuniko kikiwa nje. Kama mapovu yanatoka mfululizo tangu dakika ya kwanza na hayaishi hata themostati ikishafunguka, na ukipiga resi yanaongezeka, hiyo mbaya. Kama umefunga, ukawasha ikiwa baridi, na baada ya dakika moja au mbili tu mpira wa juu umekuwa mgumu kama jiwe wakati maji bado hata hayajapata joto, hiyo mbaya. Chomoa kijiti cha oili, fungua na kifuniko cha kujazia oili. Ukikuta rangi ya chai ya maziwa, usiwashe tena. Moshi mweupe mwingi usioisha kwenye eksozi, wenye harufu ya utamu, hapo kulanti inaungua ndani. Na maji yanapungua kila siku lakini chini hakuna tone hata moja. Gereji nyingine zina kipimo chenye kimiminika cha bluu, wanakiweka mdomoni mwa rejeta, kikigeuka njano ujue moshi wa injini umo kwenye maji. Mwombe fundi akipime mbele yako kabla hujakubali kushusha hedi. Na mapovu ya mwenzangu, nilipomuuliza baadaye, yalikuwa hayaishi hata siku moja. Alinieleza kwenye simu wiki ya kwanza, mimi nikamwambia ndivyo yanavyokuwa.

Kwa hiyo utaratibu wangu sasa hivi: natoa upepo mara moja, kwa utulivu, mpaka mwisho. Ukirudi ndani ya wiki, sitoi tena. Natafuta unapoingilia, na gari haibebi mzigo mpaka nipate jibu.

Ikikuchemkia njiani na mzigo, zima kiyoyozi, fungua hita joto la mwisho hata kama utaungua, inasaidia kutoa joto kidogo kama maji bado yanaifikia. Tafuta pembeni upaki. Ukiona mvuke au mshale uko kwenye nyekundu, zima kabisa, usijikongoje mpaka kituo kinachofuata. Usimwagie injini maji ya baridi, chuma cha moto kinaweza kupasuka. Subiri saa nzima. Tumia muda huo kumpigia mteja na kutafuta gari ya kukodi.

Na kwenye daftari la biashara, gari iwe na ukurasa wake. Mimi kila deliveri natoa 1,500 naiweka kwenye laini ya simu ambayo siitumii kwa kitu kingine. Mwezi mzuri inafika 60,000. Ile 67,000 niliitoa kwenye mtaji, ndiyo maana iliniuma. Ya mwezi huu mwanzoni, mikanda na oili, sikuitoa dukani.

Mwenzangu Kirikuu yake imerudi barabarani wiki iliyopita. Nilimchangia 80,000, alikataa mara mbili ndio akapokea. Asubuhi ananitumia picha ya chupa ya akiba, alama iko pale pale, na chini anaandika "profesa". Nastahili.

Wenye Kirikuu, nyingine nimeambiwa zina skrubu ya kutolea upepo kwenye bomba. Kama ya kwako inayo, piga picha uitume hapa ili wenzetu waione ilipo. Na kama gari yako inachemsha, kabla hujaniuliza chochote niandikie kwanza: walifungua nini?